Zizi la Kijiji

Mtendaji wa kijiji kimoja cha Kibiti amemfuata mzee aliyestaafu kazi ya ubwana mifugo.



BABU: Kaa jamvini. Habari za ofisini?

MTENDAJI: Zizi la kijiji limenishinda. Mgambo wakikuta ng'ombe kwenye mpunga wanawafungia humo. Juzi kafa ndama. Mwenye ng'ombe anadai ndama wake, mwenye shamba anadai mpunga wake.

BABU: Ndama kafa na nini?

MTENDAJI: Njaa na kiu. Mama yake alikimbilia porini wakati wa kukamata.

BABU: Zamu ya kunywesha ilikuwa ya nani?

MTENDAJI: Hakuna zamu, babu. Mgambo wanapewa posho kwa kukamata.

BABU: Basi watakamata, na kunywesha hakutakuwa kazi ya mtu. Kwa joto letu hili ng'ombe mkubwa anataka maji lita 40 kwa siku, na wengine huzidi. Wakiwa 20, hayo ni madumu 40 ya lita 20. Kaa ukijua pia kwamba Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 haimtazami mwenye mali peke yake. Anayemshikilia mnyama naye ana wajibu wa kumtunza, na aliyewashikilia hao ni kijiji chako.

MTENDAJI: Ndiyo maana nimeomba halmashauri fedha za bati na mlinzi.

BABU: Bati litasaidia mvua ikinyesha. Kwanza watie wafugaji kwenye kamati ya zizi.

MTENDAJI: Wakulima si watasema nimehongwa?

BABU: Watasema, tena mkutanoni. Lakini hawa wafugaji si wageni wa jana. Walipoondolewa Usangu na Ihefu mwaka 2006 na 2007, wengi waliteremka huku kwetu na Lindi. Watoto waliokuja mgongoni leo wana ndevu. Wao wanaona zizi ni mtego wa kuwatoza. Mkulima anaona ni hoteli ya ng'ombe wa tajiri, wakati mpunga wake umekwisha liwa. Siwezi kumlaumu hata mmoja. Mimi mwenyewe nimeona faini ikilipwa bila risiti.

MTENDAJI: Sasa wakiingia kwenye kamati wafanye nini?

BABU: Kazi ambazo mgambo hawaziwezi. Ng'ombe akiletwa, mfugaji wa jirani atamtambua kwa rangi na pembe wewe ungali unatafuta hereni sikioni. Mwenyewe apigiwe simu siku ileile, asije siku ya nne na rungu. Akikohoa ng'ombe, mfugaji ndiye atakayesema huyu atengwe, isije ikawa homa ya mapafu mkaisambaza kijiji kizima kutoka kwenye zizi lenu. Na hasara ya shamba ipimwe palepale shambani, nyayo zikiwa bado mbichi, na bwana shamba pamoja na mtu wa kila upande. Ukingoja wiki, kila mpunga uliokauka kwa jua utakuwa umeliwa na ng'ombe.

MTENDAJI: Kuna na mbwa wanaofuata mifugo. Watu wanaogopa kichaa, wanataka niwafungie au niwapige risasi.

BABU: Ukiwafungia utalisha nini, na ng'ombe wenyewe hawajanyweshwa? Mbwa wa mfugaji ana mwenyewe. Kinachotakiwa ni chanjo. Kati ya 2010 na 2015 mbwa walichanjwa kusini-mashariki yote ya nchi, wilaya 28, kwa lengo la kufikia asilimia 70 yao. Pemba kichaa kilitoweka 2014, kikarudi 2016 kutoka nje ya kisiwa, kikamalizwa tena 2018. Sisi wa delta, ambao kila siku ni mashua, hilo la kurudi linatuhusu.

MTENDAJI: Chanjo inataka barafu. Kufika Mbwera kwenyewe ni kungoja maji yajae.

BABU: Kule Mara wamejaribu kuiweka vijijini ndani ya mitungi ya udongo inayopoozwa kwa maji, maana watafiti waligundua kwamba aina moja ya chanjo hiyo inastahimili nyuzi 30 kwa miezi 3. Anayeitunza ni mtu wa kijijini, na mbwa wa jirani zake anawajua. Lamu nako, kwenye hospitali ya punda iliyofunguliwa mwaka 1987, kumewahi kuwa na mashindano ya punda aliyetunzwa vizuri, na zawadi akapewa mwenye punda. Watu wanapenda kusifiwa kwa mnyama wao; ukiwasifu, mbwa wataletwa kuchanjwa.

MTENDAJI: Na ufunguo wa zizi? Niliwaza makufuli mawili, la wakulima na la wafugaji.

BABU: Umeisahau Aprili 2024? Maji yalipoingia Muhoro na bondeni kote, nani alikuwa na nafasi ya kutafuta funguo mbili? Zizi lihamishie juu, kwenye mchanga, karibu na kisima, na langoni weka miti ya kuchomoa kwa mkono. Usiku walinde wawili, mmoja kila upande.

MTENDAJI: Wakilala?

BABU: Watalala. Ila asubuhi hapatakuwa na wa kumsingizia mwenzake. Mkutano uite siku ya gulio, wafugaji wawepo. Na ndama mlipe kabla hujafungua kikao.

MTENDAJI: Kwa fedha gani, babu?

BABU: Za faini. Daftari lake liko wapi?