Somo la Kikundi: Sherehe Siku ya Matanga?

Leo tutazame mabishano ya Australia. Sikukuu yao ya taifa ni tarehe 26 Januari. Siku hiyo, mwaka 1788, Kapteni Arthur Phillip alipandisha bendera ya Uingereza pale Sydney. Waaborijini, wenyeji wa nchi, walikuwa wameishi huko maelfu ya miaka, na hakuna aliyewaomba ardhi. Mwaka 1938, wenzao wakisherehekea miaka 150, wao walikutana Sydney wakaiita Siku ya Maombolezo.

Wanaokataa mabadiliko husema, ati kubadili tarehe hakumrudishii mtu shamba lake. Hapo si uongo, hata baadhi ya wenyeji husema hivyo. Lakini jamani, utamwalikaje jirani karamuni siku ya matanga yake?

Sisi Kenya, katiba ya 2010 iligeuza Siku ya Kenyatta kuwa Siku ya Mashujaa. 20 Oktoba ikabaki. Kwa Australia jina pekee halitoshi, maana kidonda ni tarehe yenyewe.

Jadilianeni: tarehe mpya ikitafutwa, nani aulizwe kwanza? Na wenyeji wakitaka ardhi kabla ya tarehe, wajibiwe nini?