Mafunzo Niliyopata kwa Rose, Charlie na Liemba

1. Mwenye nyumba ndiye anayeona aibu

The African Queen, filamu ya John Huston ya mwaka 1951, ina tukio la chai karibu na mwanzo wake. Charlie Allnut, fundi wa mashua ya mvuke, amekaa na mchungaji Mwingereza na dada yake, Rose. Tumbo lake linanguruma, na wenyeji wanajifanya hawasikii. Shangazi yangu, tulipoitazama pamoja Ujiji, alikasirika: "Mgeni ana njaa, wao wanaona haya kwa ajili yake? Haya ni yao!"

2. Kazi inafika pasipofika maneno matamu

Filamu za kuimba za Hollywood za zama zile zilikuwa na dawa ya pengo la tabaka kama hilo: tajiri na maskini wanacheza dansi, wimbo ukiisha wameshapendana. Rose na Charlie wana mashua mbovu tu. Rose anajifunza kushika usukani kwenye maporomoko. Anamwaga chupa zote za jini za Charlie mtoni (shangazi hakumsamehe, mali ya mtu ni mali ya mtu). Mhimili wa pangaboi unapopinda, wanauchomoa na kuunyoosha ufukoni kwa moto, wakihangaika pamoja. Na kwa muda mrefu Rose anamwita Bwana Allnut! Wameshapendana ndipo anamuuliza jina lake la kwanza. Sijaona tukio la mapenzi lililonigusa kama swali hilo.

3. Meli yao ndiyo yetu

Meli ya Kijerumani ambayo Rose na Charlie wanakwenda kuilipua inatokana na meli ya kweli, Graf von Götzen. Iliundwa Papenburg mwaka 1913, ikasafirishwa vipandevipande hadi Kigoma, ikashushwa majini 1915. Hakuna aliyeilipua. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe, mashine zikiwa zimepakwa grisi. Waingereza wakaiopoa 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

4. Madaraja ya tiketi hayadumu safari nzima

Nilisafiri na Liemba kuelekea bandari ya Mpulungu. Daraja la kwanza lilikuwa na vyumba, la tatu lilikuwa na mabenchi na magunia ya dagaa. Lakini mama mmoja wa daraja la tatu, mfanyabiashara, ndiye aliyejua kila kijiji tutakaposimama, na mitumbwi ipi italeta nini. Kufika usiku, watu wa vyumbani walikuwa wanateremka kumwamkia na kumuuliza. Wengine hawakurudi juu hadi alfajiri.

5. Kuna mpaka ambao filamu haikuuvuka

Kijiji cha Rose kinachomwa moto, watu wanaswagwa, na hadithi haiwaulizi tena. Ndivyo ilivyo kwa meli yenyewe: mafundi walioletwa kutoka Papenburg tunawajua, Anton Rüter, Hermann Wendt na Rudolf Tellmann. Vibarua Waafrika waliotoa jasho nao pale Kigoma wanatajwa kwa jumla tu, kama mzigo.

Mimi nataka filamu ya vibarua hao. Kijana mchochea moto wa boila apende binti wa nyumba ya waungwana wa Ujiji, baba mtu akatae, mashangazi waingilie kati. Rose na Charlie walifungishwa ndoa na nahodha wa Kijerumani huku kitanzi kikiwasubiri. Hawa wetu waozwe na shehe, mbele ya majirani, na ngoma ipigwe hadi ng'ambo wasikie.