Haki ya Mbwa wa Kuwindia Juu ya Bwana Wake

Katika somo letu la leo twapenda kueleza jambo ambalo wengi hulidharau: vipi mwenye mbwa wa kuwindia atamlinda asife kwa kiu na joto hali ya kuwa yumo katika kumtumikia. Kuwinda kwa mbwa aliyefunzwa kumeruhusiwa wazi katika Surat al-Maida, aya ya 4. Na habari ya mtu aliyeteremka kisimani akamtekea maji mbwa mwenye kiu, akasamehewa kwa ajili ya hayo, ni mashuhuri kwetu sote. Basi aliyeruhusiwa kumtumia mnyama hakuruhusiwa kumwangamiza.

Natutwae mfano wa Marekani, ambako watu wengi huwinda ndege kwa bunduki na mbwa. Mbwa hutangulia, akanusa majanini, akawarusha ndege, kisha akaenda kumwokota aliyepigwa. Mwezi wa Oktoba mwaka 2003, katika jimbo la South Dakota, msimu wa kuwinda ndege aitwaye fizanti ulifunguliwa katika siku za joto lisilotazamiwa. Mbwa wengi wakafa katika siku hizo chache. Hawakuuawa na risasi wala na nyoka. Waliuawa na joto la miili yao wenyewe, na mabwana zao wako karibu nao.

Sababu yake ni hii. Mbwa hatoki jasho kama sisi, ila kidogo tu katika nyayo zake. Njia yake kubwa ya kujipoza ni kutweta, ili maji ya ulimini na puani yakauke na kuondoka na joto. Njia hiyo yahitaji maji mwilini. Na hewa ikiwa na unyevu mwingi, haimfai sana. Joto la mbwa mzima akiwa amepumzika ni baina ya digrii 38.3 na 39.2 za sentigredi. Likipita 41, ubongo, figo na matumbo yamo hatarini.

Mtu atasema: "Angechoka angesimama mwenyewe." Hili ndilo kosa linaloua. Mbwa huyu amezaliwa na kufunzwa asiache kazi, na hamu yake ya ndege yaishinda kiu yake. Hukimbia mpaka aanguke. Kwa hivyo anayepaswa kusimama ni bwana, wala si mbwa.

Yampasa bwana kuyashika mambo haya:

Kwanza, asimtoe mbwa mnene aliyelala miezi mizima akamkimbiza siku moja kutwa. Amzoeze kazi na joto kidogo kidogo kwa majuma kadhaa, na siku za joto awinde alfajiri.

Pili, achukue maji yake mwenyewe, asitegemee vidimbwi vya njiani. Mbwa wa kilo 30 huhitaji kiasi cha lita moja na nusu kwa siku ya kupumzika. Siku ya kazi huhitaji zaidi sana. Apewe kidogo kidogo, mara kwa mara, kabla hajaonyesha kiu. Wala asiachwe kugugumia ndoo nzima kwa mara moja. Chakula kingi apewe jioni, si asubuhi anapokaribia kutoka.

Tatu, azijue dalili. Ulimi hutoka mrefu na kupanuka nchani, mate huwa mazito, fizi huwa nyekundu mno. Mbwa hutafuta kivuli, haitiki akiitwa, kisha hupepesuka. Akionekana hivi, kazi imekwisha siku hiyo, hata kama ndege wangali wengi.

Nne, akianguka, apozwe kwanza, kisha ndipo apelekwe kwa daktari wa wanyama. Zamani watu walionywa kwamba maji baridi yatamdhuru, na wengi wangali wakiogopa. Wataalamu wa leo wasema kinyume chake: apelekwe kivulini, amwagiwe maji mengi mwili mzima, apepewe, na kichwa kishikwe juu asivute maji puani. Asifunikwe kwa kitambaa kilichorowa kikaachwa juu yake, maana huzuia joto kutoka. Aliyezimia asitiwe maji kinywani. Uchunguzi wa Royal Veterinary College ya London, uliotolewa mwaka 2023, ulionyesha kwamba katika mbwa waliopatwa na maradhi ya joto huko Uingereza, takriban mmoja tu katika watano alipozwa kabla ya kusafirishwa. Na hata akisimama na kutikisa mkia, apelekwe vivyo hivyo, kwani figo huweza kuharibika baadaye.

Tena yatupasa kutofautisha. Wako mbwa, khasa wa kabila la Labrador, ambao huanguka hata siku isiyokuwa na joto. Baada ya dakika 5 hadi 15 za mbio kali, miguu ya nyuma hulegea. Wengi hurejea hali yao baada ya nusu saa, na wengine hufa. Mwaka 2008 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Minnesota na wenzao walibainisha kwamba asili yake ni kasoro ya urithi, ambayo mbwa huipata kutoka kwa baba na mama wote wawili. Huyu maji hayamponyi. Dawa yake ni kuachishwa mbio kali, na kupimwa mbwa kabla ya kuzalishwa.

Ndugu zetu, mnyama anayelalamika hujitetea mwenyewe. Lakini anayetii mpaka pumzi ya mwisho hana mtetezi ila yule anayemtumikisha. Haya ni kweli kwa mbwa wa South Dakota, na ni kweli kwa punda wa Lamu aliyebebeshwa mawe jua la mchana. Utiifu wake ni amana mikononi mwa bwana, wala si ruhusa.