Dondoo muhimu: Kumbukumbu za AMCOS kwenye kompyuta

Mfumo wa taarifa humwonyesha meneja wa AMCOS (chama cha ushirika cha mazao) ya Mbulu au Hanang mzigo ulioingia, deni la pembejeo na malipo ya kila mkulima, mradi takwimu ziingizwe sahihi.

1. Ingiza uzito papo hapo mizanini, mkulima akiona. Kosa kubwa ni kuandika jioni kwa kukumbuka.
2. Mpe kila mwanachama namba yake: majina hufanana, na fedha za vitunguu saumu zikimwendea mwingine ugomvi hauishi.
3. Karani na mhasibu wasitumie neno la siri moja.
4. Hesabu magunia ghalani kila wiki, ulinganishe na kompyuta.
5. Umeme ukikatika, andika stakabadhi yenye nakala, uingize siku hiyohiyo.
6. Hifadhi nakala nje ya ofisi, ikibidi mji mwingine. Tarehe 3 Desemba 2023 tope kutoka Mlima Hanang lilifukia nyumba na maduka mjini Katesh. Kumbukumbu zilizo mahali pamoja hupotea na jengo.
7. Taarifa za MUVU (Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika) zitoke kwenye hesabu hizohizo za kompyuta.
8. Usibandike ukutani namba za simu na akaunti za wakulima. Zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.