Somo: Ripoti Mpya Isifute ya Zamani



Tuseme mhasibu wa usharika hapa Mwembesongo anatuma ripoti ya robo mwaka kwenye seva. Wiki ya pili anatuma marekebisho kwa jina lile lile, ripoti.txt. Ile ya kwanza iko wapi? Haipo tena, kama mtengeneza programu hakuchukua tahadhari.

Programu nyingi za seva huandikwa kwa JavaScript kupitia Node.js, iliyoanzishwa na Ryan Dahl mwaka 2009. Sehemu yake inayoshughulikia mafaili na folda huitwa fs. Tujifunze amri zake nne:

1. mkdir hutengeneza folda. Ikiongezewa recursive: true, hutengeneza folda ndani ya folda kwa mara moja, mfano mwembesongo/2025/robo1.

2. writeFile huandika faili. Angalizo: kama jina hilo lipo tayari, hufuta yaliyokuwemo bila kuuliza. Ikiwekewa alama wx, hukataa na kutoa taarifa ya kosa.

3. appendFile huongeza mwishoni. Ya awali hubaki. Inafaa kwa orodha ya mapokezi.

4. rm hufuta kabisa. Hakuna pipa la taka la kurudishia.

Kwa hiyo tunaomba kila ripoti iwe na folda ya robo yake, jina lenye tarehe, na nakala nje ya seva. Mfadhili akiuliza stakabadhi ya saruji, tumwonyeshe stakabadhi, si maelezo. Uwakili mwema ni pamoja na kutunza kumbukumbu.