Kupima Thamani ya Tamthilia Ndefu ya Televisheni: Somo la Kiswahili kwa Darasa la Sita

Wanafunzi wa shule za msingi hawangoji ruhusa ya mwalimu ili wazungumzie tamthilia za televisheni. Huzizungumzia njiani, bombani na chini ya mwembe wakati wa mapumziko, na mara kwa mara swali humfikia mwalimu: je, tamthilia fulani yafaa kutazamwa? Aghalabu mwalimu hujibu kwa neno moja, ama "ndiyo" kwa kuwa yeye mwenyewe huipenda, ama "hapana" kwa kuwa anahofia kazi za nyumbani. Majibu yote mawili humnyima mwanafunzi somo. Katika makala hii tutaeleza jinsi swali hilo linavyoweza kufundishwa katika vipindi vitatu au vinne vya Kiswahili, kwa lengo kwamba mwanafunzi aamue mwenyewe na aweze kutoa sababu za uamuzi wake.

Kwa mfano tumechagua tamthilia ya Uturuki iitwayo kwa asili Muhteşem Yüzyıl, ambayo watazamaji wa Tanzania waliijua kwa jina la Sultan baada ya Azam TV kuionyesha kwa sauti za Kiswahili. Huko kwao ilionyeshwa tangu Januari 2011 hadi Juni 2014, ikiwa na sehemu 139. Yasimulia habari za Sultani Suleiman, aliyetawala dola ya Uthmaniya tangu 1520 hadi 1566, na za Hürrem, aliyeingia katika jumba lake akiwa mateka na baadaye akawa mkewe. Mwalimu aweza kuchagua tamthilia nyingine, mradi awe ameitazama. Asiyeitazama hana haki ya kuisifu wala kuikashifu mbele ya darasa, na wanafunzi humtambua upesi sana.

Yafaa kuanza na hesabu, kwani hesabu huwashtua wanafunzi kuliko mawaidha. Tukikadiria saa moja na nusu kwa kila sehemu, sehemu 139 ni dakika 12,510, yaani zaidi ya saa 208. Wanafunzi wagawanye dakika hizo kwa 40, ambazo ni urefu wa kipindi kimoja cha darasani. Watapata vipindi 312 na ziada. Nchi zinazonunua tamthilia za namna hii mara nyingi huzikata vipande vifupi, hivyo idadi ya siku huongezeka, lakini saa hubaki zile zile. Hata hivyo mwalimu asiliache darasa likimbilie kusema kwamba saa hizo zimepotea. Msomaji wa riwaya nene naye hutumia saa nyingi, wala hatumlaumu. Hesabu imetupa bei tu. Bidhaa yenyewe bado hatujaikagua.

Kuikagua hakudai kuimaliza. Huu ndio moyo wa somo, na hapa walimu watarajiwa hawana budi kutulia. Watazamaji wengi huamini kuwa hawawezi kuihukumu tamthilia mpaka waifikie sehemu ya mwisho, na kwa imani hiyo huendelea kuitazama hata wanapokuwa wamekwisha kuichoka. La hasha! Sehemu tatu zilizochaguliwa kwa busara, moja ya mwanzo, moja ya katikati na moja ya baadaye, zatosha kuonyesha mambo mawili: kama wahusika hubadilika, na kama ahadi za hadithi hulipwa.

Kuhusu wahusika, Sultan ina nguvu. Binti aliyeletwa jumbani akilia ndiye yule yule ambaye baadaye watu humwogopa, na mabadiliko hayo hayakutoka hewani. Twaona hofu ya kupoteza wanawe ikimfanya mkatili hatua kwa hatua. Kuhusu ahadi, tamthilia hii ina sehemu nzuri na sehemu dhaifu. Kila sehemu huishia penye hatari, kwani mwenye televisheni anataka turudi tena. Hilo si kosa. Wasimulizi wa hadithi wamefanya hivyo tangu kale. Kosa ni hatari kutoweka bila kuacha alama yoyote. Mwalimu achore safu mbili ubaoni, moja ya "Ahadi" na nyingine ya "Malipo", kisha aulize. Mazungumzo yaweza kwenda hivi:

Mwalimu: Sehemu ile iliishia wapi?
Mwanafunzi: Barua ya siri ilikuwa karibu kuonekana.
Mwalimu: Na iliyofuata ilianzaje?
Mwanafunzi: Haikuonekana, Mwalimu. Ilifichwa.
Mwalimu: Je, kuna mtu aliyebadilika kwa sababu ya barua hiyo?
Mwanafunzi: Hakuna.

Mwanafunzi aliyefika hapo amekwisha kuhakiki, ingawa neno uhakiki hajalisikia. Kwa maoni yetu, hapa ndipo Sultan inapolegea: barua, sumu na wasikilizaji wa nyuma ya mlango hurudi mara nyingi mno, na ugomvi wa Hürrem na Mahidevran, mama yake Mustafa, huzunguka mahali pamoja. Lakini tuupime pia upande wa pili. Kifo cha mwanamfalme Mustafa, aliyenyongwa kwa amri ya baba yake mwaka 1553, ni ahadi iliyojengwa kwa muda mrefu na ikalipwa kikamilifu. Tukio hilo lilipoonyeshwa Februari 2014, watu wengi walikwenda kulizuru kaburi lake mjini Bursa, miaka 461 baada ya kifo chake. Tamthilia fupi isingeweza kuwafanya watu wamlilie hivyo, kwa kuwa wasingepata muda wa kumzoea.

Darasa lielezwe pia kwamba tamthilia ndefu haitungwi na mkono mmoja. Meral Okay, mwandishi wa Sultan, alifariki Aprili 2012 kabla kazi haijaisha, na mwingine akaishika kalamu. Meryem Uzerli, aliyeigiza Hürrem, aliondoka mwaka 2013, na Vahide Perçin akaichukua nafasi hiyo katika msimu wa mwisho. Kwa hiyo anayesema "tamthilia hii ni nzuri" aulizwe: ipi, ya mwanzo au ya mwisho? Inawezekana kabisa kuipenda miaka miwili ya kwanza na kuiacha iliyobaki.

Linafuata suala la ukweli. Novemba 2012 Recep Tayyip Erdoğan, wakati huo Waziri Mkuu wa Uturuki, aliilaumu tamthilia hii hadharani kwa kumwonyesha Suleiman ndani ya jumba ilhali sehemu kubwa ya maisha yake aliipitisha vitani juu ya farasi. Hoja hiyo ina uzito: Suleiman aliiteka Belgrade mwaka 1521 na Rhodes mwaka 1522, akashinda Mohács mwaka 1526, na alifariki 1566 akiwa safarini vitani. Wengine walijibu kuwa tamthilia si kitabu cha historia. Mwalimu asiamue ugomvi huo. Awaachie wanafunzi wajadili. Anayetaka kuliunganisha somo na historia ya pwani yetu aweza kutaja kwamba nguvu ya dola hiyo ilifika Mombasa katika miaka ya 1580, wakati wa safari za Ali Bey dhidi ya Wareno, baada ya Suleiman kufariki.

Lipo jambo moja ambalo mwalimu hana ruhusa ya kulikwepa. Jumba linaloonyeshwa limejaa hariri, vito na mapambo, na watoto, hasa wasichana, hupendezwa nalo. Lakini wengi wa wanawake wale walikuwa watumwa, wajakazi na masuria walionunuliwa au kutekwa. Hürrem mwenyewe alitekwa katika nchi ambayo leo ni magharibi ya Ukraine. Sisi ambao soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873 tu, hatuwezi kuutazama mlango ule kana kwamba ni mlango wa harusi. Mwalimu aulize bila ukali: mabinti hawa walifikaje hapa? Nani aliwauza? Je, tamthilia inatukumbusha jambo hilo, au inatusahaulisha? Twaona kwamba mwanzoni Sultan hukumbusha, na kadiri siku zinavyopita husahaulisha. Swali hili likijadiliwa vizuri lina faida kuliko yote yaliyotangulia, na hata anayeamua kuendelea kutazama atatazama kwa jicho jingine.

Kwa upande wa lugha tutasema kwa ufupi. Kuingiza sauti za Kiswahili ni kazi ngumu, maana mfasiri hubanwa na mwendo wa midomo ya mwigizaji, na wakati mwingine sentensi hukatwa isivyo kawaida. Wanafunzi waorodheshe maneno ya heshima waliyoyasikia yakitumiwa kwa mfalme, kwa mama yake na kwa mtumishi, kisha waseme nyumbani kwao mkubwa huitwaje.

Katika kila darasa wapo wasio na televisheni, na wengine hutazama dirishani kwa jirani. Kwa sababu hiyo kutazama kusiwe kazi ya nyumbani hata siku moja. Mwalimu asimulie mwenyewe sehemu tatu alizochagua, kila moja kwa dakika kumi, akiyaacha mambo ya chumbani na ukatili usiofaa umri huo. Msimulizi mzuri hulifanya darasa zima liwe sawa.

Katika kipindi cha mwisho kila mwanafunzi aandike aya mbili kujibu swali lile la mwanzo. Wawili wenye majibu yanayopingana waweza kupata alama sawa, ikiwa kila mmoja ametaja tukio mahsusi na kueleza linavyounga mkono hoja yake. "Ni nzuri sana" peke yake haina alama. Atakayeandika kuwa hawezi kuamua kabla ya kusikia sehemu nyingine mbili naye apewe alama zake, mradi ataje ni jambo gani analolitafuta katika sehemu hizo.