SOMO LA WIKI: Jedwali moja la bei, si nakala kumi

Mnunuzi wa pamba wa Kalemela, mkoani Simiyu, anayepakua jedwali la bei kutoka Google Drive kila asubuhi hurundika nakala. Akifungua ya juzi kwa makosa, hulipa kwa bei ya juzi.

Dawa ni programu ya Google Drive ya kompyuta. Ukiiweka kwenye Windows, hifadhi yako ya mtandaoni huonekana kama diski, kwa kawaida yenye herufi G. Bofya faili la Excel mara mbili: hufunguka ndani ya Excel, na ukihifadhi, mabadiliko hurudi mtandaoni.

Angalizo: faili muhimu liruhusu lifunguke hata bila mtandao kabla ya kwenda kituoni. Ila bei mpya hutaiona mpaka mtandao urudi.